Kulala, kupumzika na kufikia: Kiingereza chake kikoje?

Maswali yaliyokusanyika safari hii karibu yote yanazunguka kitenzi kulala na jamaa zake wawili, kupumzika na kukaa. Haishangazi. Kwetu mtu anaweza kulala huku yuko macho, kulala njaa, kulala msibani, kulala kwa mjomba, na timu ikifungwa tunasema imelala. Kiingereza hakina neno moja linaloyabeba yote hayo, na anayetafsiri neno kwa neno hujikuta amesema jambo ambalo hakulikusudia. Mengine nimeyafupisha, lakini hoja za waulizaji nimeziacha kama zilivyo.

Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha tatu, Morogoro. Kwenye insha niliandika "Yesterday I slept at ten o'clock". Mwalimu wetu akapiga mstari mwekundu chini ya slept bila kueleza. Kosa langu ni lipi?

Marahaba, mwanangu. Umbo la kitenzi halina tatizo, slept ndiyo wakati uliopita wa sleep. Kinachogomba ni hiyo "at ten o'clock". Ukitaja saa unataja tukio, jambo lililotokea papo hapo. Sleep ni hali inayochukua muda. Saa nne usiku ulifanya moja kati ya mawili: ulipanda kitandani, au usingizi ulikuchukua. La kwanza ni "I went to bed at ten". La pili ni "I fell asleep at ten". Mtu anaweza kupanda kitandani saa nne na usingizi umchukue saa saba, na Mwingereza atayatenganisha hivi: "I went to bed at ten but I didn't fall asleep until one." Slept iachie muda na namna: "I slept for seven hours", "I slept until six", "I slept badly". Na go to bed utaisema hata kama unalala kwenye mkeka.

Ukweli ni kwamba "I slept at ten" utaisikia kila siku Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na watu wanaelewana vizuri tu. Lakini kwenye karatasi ya mtihani andika went to bed. Vivyo hivyo kwa kulala njaa. Huku kwetu wengi husema "they slept hungry", ila Kiingereza cha vitabuni ni "they went to bed hungry".

Nafanya kazi ofisini, Nairobi. Nilimwandikia bosi wangu Mwingereza "Sorry, I slept late" ili ajue kwa nini nimechoka mkutanoni. Akanijibu kwa ukali kuhusu kuheshimu saa za kazi, na mimi nilikuwa nimefika mapema! Nilisema nini?

Ulimwambia umelala mpaka jua limepanda. Sleep late kwa Kiingereza ni kuchelewa kuamka, na wewe ulitaka kusema umechelewa kwenda kulala. Hilo ni "I went to bed late", "I stayed up late" au "I was up late". Kama kilichokuweka macho ni kazi yake mwenyewe, mwambie: "I was up late finishing the report."

Kuchelewa kuamka nako kuna ngazi zake. Usingizi ukikupitiliza bila kukusudia, hata kengele ya simu hukuisikia, ni "I overslept", na hilo ndilo neno la kuombea radhi. Ukiamua mwenyewe Jumapili kwamba leo siamki mapema, ni "I slept in", na Waingereza husema pia "I had a lie-in". Usimwandikie bosi lie-in siku ya Jumatatu.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanaume, Mombasa. Ripoti za zamu tunaandika kwa Kiingereza. Mwenzangu wa zamu ya usiku aliandika "patient sleeping". Asubuhi daktari akasema mgonjwa huyo hakuwa na usingizi wa kawaida, alikuwa amelegea na haamki vizuri. Tuandike vipi?

Swali hili limenigusa kuliko mengine yote, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Ukisema "mgonjwa amelala" kwa Kiswahili, anayekusikia anaweza kuelewa mambo manne. Amejinyoosha kitandani anatazama dari. Amepata usingizi wa kawaida. Dawa au ugonjwa umemlegeza, anaamka akiitwa halafu anazama tena. Au hajitambui kabisa. Ukiwa wodini mnaelewana kwa sababu mnamwona. Faili haioni. Kwa hiyo kila hali iandikie neno lake. La kwanza ni "lying in bed, awake". La pili ni "asleep, easily rousable", yaani amelala na anaamshika bila shida. La tatu ni "drowsy". La nne ni "unresponsive" au "unconscious".

Wewe unakijua kipimo cha Glasgow cha kupima mgonjwa anajitambua kiasi gani, kile kilichochapishwa na madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974, lakini wasomaji wengine hawakijui, nao wakikijua wataona kwa nini daktari alikasirika. Kinapima mambo matatu: macho yanavyofunguka, maneno, na mwendo wa viungo. Macho yakifunguka yenyewe ni alama 4, yakifunguka kwa sauti ni 3, yakifunguka kwa maumivu ni 2, yasipofunguka kabisa ni 1. Maneno yana alama hadi 5, viungo hadi 6, jumla ya juu ni 15 na ya chini ni 3. Neno sleeping peke yake halimwambii daktari hata alama moja kati ya hizo, kwa sababu halisemi kama kuna mtu aliyemwita mgonjwa na nini kilitokea. Fikiria kijana aliyeanguka na bodaboda akagonga kichwa. Ndugu zake watasema "mwacheni alale, amechoka". Sentensi inayofaa faili lake ni kama hii: "02:00, asleep, woke when called by name, answered correctly." Au kwa bahati mbaya: "02:00, drowsy, opens eyes to voice, confused." Kati ya sentensi hizo mbili kuna tofauti ya kumpigia daktari simu au kutompigia.

Sasa lie na lay, ambazo zinawatesa hata wenye lugha yao. Lie ni kujilaza mwenyewe: lie, lay, lain. Lay ni kumlaza mwingine au kuweka kitu: lay, laid, laid. Kwa hiyo "We laid him on his left side" ni kazi mliyoifanya ninyi, na "He lay on his left side all night" ni yeye alivyokaa usiku kucha. Utata unatoka hapo, kwamba lay ni wakati uliopita wa kitenzi kimoja na wakati uliopo wa kingine. Usiandike "The patient lied on the bed". Lied ni kusema uongo.

Kulazwa hospitalini si lay wala sleep, ni "he was admitted". Na mkizungumza na wazazi kabla ya upasuaji wa mtoto, epukeni "he will be put to sleep". Madaktari huitumia kwa nia njema, lakini mbwa mgonjwa akipelekwa kwa daktari wa mifugo akachomwa sindano ya kufa, Waingereza husema hivyo hivyo. "He will be given an anaesthetic" haina kivuli hicho.

"Sick off" ni Kiingereza sahihi? (Msomaji, Nakuru)

Ni Kiingereza cha Kenya, na Kenya kinaeleweka. London sema "sick leave" kwa ruhusa yenyewe, na "she is off sick" kwa aliyeko nyumbani anaumwa. Watanzania nao wana ED yao, "excuse from duty", ambayo nje ya nchi itabidi uieleze.

Naandika kutoka Dodoma. Rafiki yangu wa Canada aliniuliza wikendi ilikuwaje, nikamwambia "We slept at the funeral". Kwanza alicheka, kisha akanyamaza, akaomba radhi. Niliona haya bila kujua kwa nini.

Pole kwa msiba, na usione haya.

Aliyekusikia alidhani ibada inaendelea na ninyi mnasinzia kwenye viti. Funeral kwa Kiingereza ni ile ibada na maziko, jambo la saa chache. Msiba wetu ni kitu kingine kabisa: turubai linafungwa uani, mikeka na magodoro yanatandikwa, kina mama wanalala ndani na mfiwa, kina baba wanabaki nje kwenye moto, na lengo ni moja, mfiwa asibaki peke yake usiku. Kiingereza hakina neno la kipindi hicho kizima. Ulichokuwa unataka kusema ni "We spent two nights with the bereaved family". Usiogope sentensi kuwa ndefu, kwa sababu ndiyo inayobeba heshima ya jambo lenyewe.

Neno lililo karibu ni wake. Waayalandi wana desturi ya zamani ya kukusanyika nyumbani usiku kukaa na marehemu kabla ya maziko, na huita hivyo, kwa maana ile ile ya kuwa macho. Mkesha wa sala au wa mishumaa ni vigil. Mwanafunzi anayekesha na vitabu, hiyo ni "I pulled an all-nighter", maneno ya vijana, au kwa upole "I stayed up all night". Na ukitaka kusema hukupata hata lepe la usingizi, Waingereza wanayo yao nzuri: "I didn't sleep a wink."

Naongoza watalii Zanzibar. Asubuhi nawasalimia "How did you wake up?" na naona wanababaika. Umeamkaje inasemwaje?

"Good morning. Did you sleep well?" Wewe unaruhusiwa kuuliza hivyo kwa sababu ni wageni wako na umewafuata pale pale walipolala. Ukiingia mkutanoni, usimwulize Mwingereza mwenzako wa ofisi habari za usingizi wake. "Good morning, how are you?" inatosha.

Kwa kuwa uko kwenye kazi ya wageni, chukua na hizi. Good night ni ya kuagana tu, ndiyo lala salama yetu. Ukikutana na mgeni saa tatu usiku mwambie "Good evening". Umeshindaje ni "How has your day been?" Nimeshinda kwa shangazi ni "I spent the day at my aunt's", na ukilala huko ni "I stayed the night at my aunt's". Usiseme umelala "with" mtu yeyote, hata mdogo wako, maana sleep with ni tendo la ndoa. Sema "I shared a room with my brother".

Natoka Arusha kwenda kumtembelea dada yangu Leicester. Fomu zinauliza where do you live mahali pengine, where will you be staying mahali pengine. Je, si kitu kile kile?

Si kile kile, na kwenye dawati la uhamiaji tofauti hii inaweza kukugharimu safari.

Kiswahili "unakaa wapi?" inamtosha mwenye nyumba na mgeni. Lakini tunacho kitenzi kizuri sana kinachowatenganisha, kufikia. Umefikia wapi? Nimefikia kwa dada. Hiyo ndiyo stay. Live ni maskani yako, pale unaporudi safari ikiisha. Kwa hiyo: "I live in Arusha. I'm staying with my sister in Leicester for three weeks." Ukimwambia ofisa "I'm going to live with my sister for three weeks", muda umeutaja, ila kitenzi chako kimesema unahamia, na kazi yake yeye ni kuhakikisha kwamba mgeni ataondoka. Viza ya kawaida ya mgeni wa Uingereza humruhusu kukaa hadi miezi 6, na mtu anayetumia live hovyo anajiongezea maswali ambayo hayakuwa na sababu.

Neno stay utalikuta kila mahali kwenye karatasi hizo. "Length of stay" ni siku utakazokaa. Nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, huiita viza yao ya matembezi "short-stay visa", na ukomo wake ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote. Overstay ni kupitisha siku zako, jambo linaloandikwa kwenye rekodi na kukufuata katika kila ombi litakalofuata. "Permanent address" jaza ya Arusha. "Temporary address" au "address during your stay" jaza ya dada.

Kuna neno jingine la Uingereza linalowatia watu hofu bure: "leave to remain". Msomaji mmoja wa zamani aliwahi kudhani ni amri ya kuondoka. Leave hapo ni nomino ya zamani yenye maana ya ruhusa, ile ile iliyomo katika annual leave. "Leave to remain" ni ruhusa ya kubaki, na "indefinite leave to remain" ni ruhusa ya kubaki isiyo na tarehe ya mwisho. Dada yako akipokea barua yenye maneno hayo, pikeni pilau.

Ukipanda kaskazini hadi Glasgow, kanuni yangu inalegea. Waskoti huuliza "Where do you stay?" wakimaanisha unaishi wapi, na Afrika Kusini wanasema hivyo hivyo, kama sisi wenyewe huku. Msikilize anayeuliza ni nani.

Nimeanza kazi mapokezi kwenye hoteli ya pwani, Nungwi. Mgeni aliyelipia half board alikuja kudai chakula cha mchana akisema amelipia board. Board ni nini hasa?

Board ni chakula. Zamani ilikuwa ubao, kisha meza ya kulia, kisha kile kinachowekwa juu yake. Ndiyo maana shule ya bweni ni boarding school, mahali ambapo mtoto anapata na chakula, na ndiyo maana vibao vya miji ya Kenya vinaandikwa "Boarding & Lodging", kula na kulala. Full board ni milo mitatu. Half board ni kifungua kinywa na mlo mmoja mkubwa, ambao kwa kawaida ni wa jioni. Bed and breakfast ni kitanda na chai ya asubuhi. Vinywaji vya mezani mara nyingi havimo mpaka mgeni awe amelipia all inclusive. Mwambie mgeni siku ya kwanza, kabla hajapanda chumbani: "Half board includes breakfast and dinner. Lunch is charged separately." Ugomvi mwingi wa mapokezi ungeisha hapo.

Jambo jingine litakalokukuta ni hotel yenyewe. Mgeni akimwuliza dereva wa daladala "Is there a hotel here?" anaweza kupelekwa kwenye chapati na maharage, kwa sababu kwetu hoteli ni mahali pa kula pia, na mtu akitaka kitanda anatafuta gesti. Kwa Mwingereza hotel ni vitanda kwanza. Inavutia kwamba neno hilo lina asili moja na hostel, hospital na host, wote wajukuu wa Kilatini, kwenye maana ya kumpokea mgeni. Kwa hiyo anayemlisha mgeni bila kumpa kitanda hajaenda mbali sana na asili ya neno, ila mteja mwenye sanduku mkononi hatafurahi kuambiwa hivyo.

Lodge nalo ni la kuangalia. Lilianza kama kibanda cha msituni. Leo kwenye ukingo wa Ngorongoro lodge ni ya wenye fedha, na mtaani kwetu lodge ni gesti ya kawaida. Motel ni motor na hotel zilizobanwa pamoja. Ilianza kuandikwa hivyo California mwaka 1925, kwa ajili ya wasafiri wenye magari yao.

Nimefika Minneapolis juzi. Kazini kuna mlango umeandikwa Restroom, nikaingia nikidhani kuna viti vya kupumzikia. Kumbe choo! Wapumzikie wapi basi?

Karibu Marekani. Restroom ni choo, na huko ndilo neno la adabu. Waingereza husema toilet bila kuona taabu. Chumba cha kupumzikia wafanyakazi kwa Wamarekani ni break room. Barabarani utaona "rest area", pale unapoweza kusimamisha gari, kujinyoosha na kusinzia kidogo. Kusinzia bila kukusudia ni nod off au doze off, kama abiria anayegonga kichwa kwenye dirisha la basi. Ukiamua mwenyewe kufumba macho dakika ishirini ni "take a nap".

Rest yenyewe ni pumziko, ila the rest ni vilivyobaki: "Keep the rest" si kaa upumzike, ni chenji baki nayo. Kwa marehemu sote tunakutana hapo. "Laid to rest" ni amezikwa, na cemetery linatokana na neno la Kigiriki la mahali pa kulala. Biblia ya Kiswahili nayo, katika barua ya kwanza kwa Wathesalonike, inawataja "waliolala mauti". Ukisoma riwaya za zamani za Kiingereza ukakuta mzee "retired at nine", hajastaafu kazi. Ameenda kulala.

Nipo Tanga, nimepewa mkataba wa kazi za ndani Muscat. Umeandikwa "live-in, accommodation provided, one day off, rest as agreed". Na rafiki yangu aliyeko Dubai ananiambia nikipenda atanitafutia bed space. Naomba unieleze neno kwa neno kabla sijasaini.

Umefanya jambo la maana sana kuuliza kabla.

Live-in ni kwamba utaishi humo humo nyumbani kwa mwajiri. Accommodation ni malazi, na ndilo neno lililo wazi kupita kiasi, kwa sababu godoro sebuleni nalo mtu anaweza kuliita accommodation. Waulize waandike chumba. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 2011 Mkataba namba 189 wa wafanyakazi wa ndani, pamoja na Pendekezo namba 201, na Pendekezo hilo linataja chumba cha peke yake chenye hewa na samani, chenye kufuli, na ufunguo apewe mfanyakazi. Kwa Kiingereza omba hivi: "a private room with a lock".

"One day off" haijakamilika. Day off ni siku nzima ya kutofanya kazi, lakini moja kwa wiki au kwa mwezi? Omba neno "per week" liongezwe. Mkataba 189 unasema pumziko la wiki lisipungue saa 24 mfululizo, na kwamba wakati wa pumziko mfanyakazi halazimiki kubaki ndani ya nyumba ya mwajiri. Unasema pia kwamba pasi yako ya kusafiria una haki ya kukaa nayo mwenyewe. Haubani nchi ambayo haijauridhia, lakini unakupa kipimo cha kulinganishia karatasi uliyonayo.

"Rest as agreed" ndiyo inayonisumbua zaidi. Imekubaliwa na nani, lini? Hapo takeni saa ziandikwe. Break ni dakika za chai na chakula katikati ya kazi. Rest ni saa za mwili kutulia, na zile za usiku zinapaswa kuwa mfululizo. Leave ni likizo, na kama ni ya kulipwa iandikwe paid leave. Ukikuta "on call" au "standby", ujue unaweza kuwa kitandani kwako lakini ukiitwa saa nane usiku kumpashia mtoto maziwa unapaswa kuamka. Uliza kama saa hizo zinahesabiwa kuwa kazi. Kitanda ulichopanda ukiwa standby hakijawa pumziko kamili.

Sasa bed space. Ghuba nzima neno hili lina maana ya kupanga kitanda tu, chumba mnashirikiana. Matangazo yake huwa kama "Bed space for ladies, near metro". Partition ni sehemu ya chumba iliyotengwa kwa mbao au ubao mwembamba, na mamlaka za Dubai zimekuwa zikiwachukulia hatua wanaogawa nyumba hivyo bila kibali. Lakini tazama: mkataba wako ni wa Muscat na ni live-in. Mfanyakazi wa live-in hahitaji bed space, tena kwenye nchi nyingine. Rafiki yako huenda ana nia njema, ila mwulize viza atakayokutafutia ni ya kazi gani na mwajiri ni nani. Mkataba upeleke kwa ofisi ya serikali inayohusika na ajira za nje wausome nao, kisha ubakize nakala kwa mtu wa nyumbani.

Stopover na layover tofauti yake nini? (Msomaji, Bujumbura)

Layover ni kusubiri ndege ya kuunganisha, mara nyingi humo humo uwanjani. Stopover ni pale unapokatiza safari kwa makusudi ukaingia mjini, na katika safari za kimataifa mashirika huihesabu inapozidi saa 24. Layover ya usiku huitwa "overnight layover". Kabla hujalipa tiketi ya namna hiyo waulize kama hoteli imo na kama utahitaji viza ya kutoka uwanjani. Kama havimo, beba shuka.